Vidonge vya Saa Moja

Fundi saa hakuwa mtu wa kusoma. Magazeti kwake yalikuwa ya kufungia vipuri, na barua za ofisi ya mtaa alizikunja akaziweka chini ya mguu wa meza ili isiyumbe. Lakini alasiri ile hakukuwa na mteja hata mmoja, na mfukoni alikuwa na karatasi nyembamba aliyoitoa kwenye boksi la dawa za mkewe, akitaka kufungia kioo cha saa ya mtu. Akaikunjua. Maandishi yalikuwa madogo mno. Akabana lenzi jichoni, ileile anayotazamia meno ya magurudumu, akaanza kusoma.

Laiti lenzi ingekuwa imepotea siku hiyo. Watu wenye akili zao hutupa karatasi hizo pamoja na boksi, wakameza dawa, wakaendelea na mambo yao. Yeye aliisoma mbele na nyuma, kama anavyofungua saa, kipande baada ya kipande. Saratani ya matiti. Damu kuganda kwenye mishipa. Kiharusi. Karatasi ilisema mambo hayo hutokea mara chache. Lakini huyu alimuuguza mama yake mzazi titi likiwa limeoza, akambadilisha vitambaa asubuhi na jioni kwa miezi saba. Nani angemwambia nini kuhusu mara chache?

Mtaani walimwita Dakika, kwa kuwa kila mteja alimwambia "dakika mbili tu," na saa ikalala kwake wiki mbili. Jioni hiyo alifunga kibanda mapema, hata majirani wakashangaa.

Mkewe alimkuta ameketi mlangoni. Alikuwa ametoka kazini, dobini, sehemu ya kufulia ya nyumba ya wageni, mikono imekunjamana kwa maji na sabuni. Akakaa kwenye kiti chake, akaanza kujipaka mafuta vidoleni, kimoja kimoja, kama alivyofanya kila siku.

"Mama watoto, hivi vidonge vyako utaviacha lini?"

"Nikichoka kulala usingizi." Akacheka. "Vimekukosea nini?"

"Vina madhara. Nimesoma."

"Wewe umesoma? Basi leo mvua itanyesha." Alipoona mumewe hacheki, akapunguza sauti. "Baba watoto, mwaka juzi hedhi ilipokoma, ulinihesabia maradhi. Kifua mara tatu. Majipu. Mkojo unaouma kama pilipili. Nikijikata kidogo, kidonda kinakaa mwezi mzima. Tangu nianze vidonge nimekohoa lini?"

Mumewe aliikunja ile karatasi, akaikunjua tena.

"Daktari alinieleza kama ninavyokueleza wewe. Homoni zikikatika, askari wa mwili nao wanavurugika. Wapiga kelele wanazidi, wachapa kazi wanapungua. Dawa inawarudisha zamu. Akasema si kwa kila mtu, na wenyewe bado wanachunguza. Lakini mimi si unaniona?"

"Mama yangu naye alionekana mzima."

"Mama yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kumeza kidonge hiki hata kimoja. Na titi langu daktari kalikagua kabla hajanipa." Akafunga kopo la mafuta. "Saa moja hiyo inafika. Niletee maji."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Saa ya ukutani ikigonga saa moja jioni, fundi huleta glasi ya maji, mkewe hutoboa kidonge kimoja kidogo cha njano kutoka kwenye pakiti, humeza, husema, "Haya, askari, kazini." Jioni hiyo alisema hivyohivyo. Mumewe akamtazama koo lilivyopanda na kushuka, akahisi anamtazama mtu anayekunywa sumu huku anacheka.

*

Mtu mwingine angegomba, au angemwita shemeji au mshenga wa zamani, wazee wakae waamue. Dakika hakuwa hodari wa maneno. Kilichoharibika alijua kukirekebisha kimyakimya, kichwa kimeinama, na mwenye mali akija anakuta kinatembea. Basi akaamua kumrekebisha mkewe vilevile.

Alinunua vile vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, vidogo, vya njano. Akavilinganisha chini ya lenzi na vile vya mkewe. Unene ulikuwa sawa. Rangi ilitofautiana kidogo, lakini nani angeiona jioni, kwenye taa ya sebuleni? Mkewe alikuwa ameletewa pakiti tatu kwa mpigo, za miezi mitatu. Fundi akazibeba kwenye chombo chake cha chakula, chini ya kijiko.

Kazi ilimchukua siku mbili. Alichana karatasi ya fedha pembeni kwa wembe, akainua kwa kibano, akatoa kidonge, akaweka kingine, akalaza karatasi na kuishika kwa gundi ya vioo, tone dogo kama jicho la siafu. Themanini na vinne. Kwa kweli ilikuwa kazi nzuri. Aliijua ni nzuri, na moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu asome ile karatasi. Kuongeza damu hakujamuua mtu, alijiambia. Vile vya kweli hakuvitupa. Huyu ni mtu asiyetupa hata parafujo iliyoota kutu. Akavitia kwenye kopo la vipuri, akaandika juu yake "vya mama."

Nani wa kumwambia kwamba amekosea? Alikuwa amempenda mkewe miaka thelathini na moja, na siku zile mbili alimpenda kuliko zote.

*

Mwezi wa kwanza ulipita. Wa pili, mkewe akaanza kuamka usiku shuka limelowa.

"Lile joto limerudi," alisema.

"Ni hali ya hewa tu."

"Hali ya hewa gani inanichagua mimi peke yangu kitandani?"

Kisha kikohozi. Fundi alimchemshia tangawizi, akamsugua mgongo, akamwambia ni mafua yanayopita mtaani. Na kweli mafua yalikuwa yanapita mtaani. Mtu anayetafuta kisingizio hakikosi.

Wiki ya pili ya mwezi wa tatu, mkewe alikuwa anafua mapazia ya nyumba ya wageni. Mtu alikuwa ameacha pini kwenye pindo. Ikamchoma kidole cha kati, mkono wa kulia. Akanyonya damu, akatema, akaendelea kufua. Katika kazi ile pini ni kama vumbi.

Siku ya nne kidole kilikuwa kimevimba hadi pete haitoki. Msimamizi wa dobi akamtengea beseni lake peke yake, kona ya nyuma.

"Si kwa ubaya, dada," alimwambia. "Wageni wakiona usaha kwenye mto, nitajibu nini?"

Wenzake aliofua nao miaka kumi na sita walianza kushika pasi kwa kitambaa baada yake. Alirudi nyumbani akasimulia huku akijaribu kulifanya jambo la kuchekesha. "Nimekuwa mgeni rasmi, nina beseni langu." Kisha akajipaka mafuta mkono wa kushoto tu.

*

Daktari wa kinamama alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikitazama kidole, akaandika dawa kali ya vidonda, kisha akachukua damu. Walingoja kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Walipoitwa tena, mlango ulibaki wazi kwa sababu ya joto, na nje kulikuwa na wanawake kama kumi wamepanga foleni.

"Mama, vile vidonge vya homoni unavinywa?"

"Kila siku, saa moja jioni."

"Kila siku?"

"Sijaruka hata siku moja."

Daktari akaitazama karatasi ya maabara, akamtazama mgonjwa. "Kipimo kinasema kingine. Damu yako ni ya mtu asiyetumia kabisa. Na maradhi yako yamerudi vilevile yalivyokuwa kabla hujaanza."

"Labda mashine imekosea."

"Tumerudia mara mbili." Akavua miwani. "Mama, mimi si polisi. Kuna wanawake huchukua dawa hapa wakaenda kuwauzia wenzao. Shida ninazijua. Niambie tu ukweli, nisije nikakupa dawa juu ya dawa."

Foleni huko nje ilikuwa imenyamaza. Mkewe alikaa wima, mkono ule uliofungwa bandeji ameuegemeza kifuani. Uso ulimbadilika kama wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Mimi niuze dawa?" alisema taratibu. "Daktari, muulize mume wangu. Huyu ndiye huniletea maji."

Wote wawili wakamgeukia.

Neno lilimfika kooni. Lilikuwepo, zima, lilihitaji kufungua mdomo tu. Lakini aliwaona wale wanawake mlangoni, akamwona daktari na kalamu yake, akamwona mkewe anavyomtazama kwa imani yote, mtu mwenye shahidi wake. Akasema, "Anavimeza, daktari. Nimeona kwa macho yangu."

Ilikuwa kweli, na hakuna uongo aliowahi kuusema uliofikia ukweli ule kwa ubaya.

Daktari akaandika kitu kwenye faili, kirefu. "Sawa," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini. "Akipata homa, au mkiona mstari mwekundu unapanda mkononi, msingoje asubuhi."

Walipokaribia nyumbani mkewe alipunguza mwendo. "Hivi inawezekana nasahau?" aliuliza. "Inawezekana nimeanza kuchanganyikiwa, nadhani nimemeza kumbe bado?"

"Hujachanganyikiwa."

"Basi damu yangu inasema uongo?"

Jioni hiyo alitundika kalenda karibu na saa ya ukutani. Alipomeza kidonge, akachora alama ya mkasi kwenye tarehe, kwa mkono wa kushoto, mistari imepinda kama ya mtoto wa chekechea. Akarudi nyuma hatua mbili akaitazama. Hakusema habari za askari.

*

Kesho yake fundi aliondoka na pakiti ya mwisho kwenye chombo cha chakula. Zilibaki siku kumi na tatu, na kopo lake lilikuwa na vidonge vya kutosha. Angevirudisha vyote leo hii, mkewe angepona, daktari angeona damu imebadilika na kuomba radhi, na yeye angekaa na siri yake hadi kaburini. Aliwafukuza wateja wawili. Aliinama juu ya meza tangu asubuhi hadi jua linageuka, wembe, kibano, gundi. Mkono haukumtetemeka. Haujawahi kumtetemeka.

Alikuwa amebakiza vidonge viwili binti yao alipopiga simu.

"Baba, uko wapi? Mama kaanguka dobini. Tuko hospitali kubwa. Njoo, baba, njoo sasa."

Alimkuta mkewe kitandani, midomo imekauka, macho yanang'aa kwa homa. Mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na mstari mwekundu umekwisha kupita. Vidole vitatu vilikuwa na rangi ambayo fundi aliijua. Aliwahi kuiona kwenye kifua cha mama yake.

"Leo nani ataniletea maji ya saa moja?" mkewe aliuliza. Akajaribu kutabasamu. "Umekuja nazo? Nisije nikaruka, yule daktari akapata la kusema."

Pakiti ilikuwa mfukoni. Akaitoa. Akamtobolea kidonge cha kweli, cha kwanza baada ya siku sabini na mbili, akamshikia glasi. Muuguzi mmoja akapita, akasema, "Dawa za nyumbani hapana, mzee," akaichukua glasi na pakiti akaondoka navyo.

Walimkata mkono usiku huo, juu kidogo ya kifundo. Daktari wa upasuaji alieleza kwamba nyama imekufa, na kwamba bila hivyo angekufa mwenyewe. Fundi akapewa kalamu atie sahihi. Aliandika jina lake vizuri, herufi ndogo zilizonyooka.

*

Siku ya tatu alikwenda kwa daktari wa kinamama na lile kopo. Akaliweka mezani, akafungua kifuniko. Alisema yote bila kuinua kichwa, kama anayesoma.

Daktari alivitazama vile vidonge.

"Nilimwita muuza dawa mbele za watu," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umesimama pale."

"Ndiyo."

"Karatasi ile, mzee, ungeniletea mimi tukaisoma pamoja. Ningekuambia mara chache ni ngapi." Akafunika kopo. "Unataka kuniuliza kama ni wewe uliyemkata mkono."

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Sijui. Pini inaweza kumwozesha hata kijana mwenye nguvu zake. Dawa ile si kinga ya kila kitu. Labda ingemwokoa, labda mkono ungekwenda tu. Hakuna kipimo cha kukuambia. Mimi sitakuambia ni wewe, na sitakuambia si wewe."

Angependa daktari amtukane. Angependa amwitie polisi. Mtu akihukumiwa anajua kifungo chake ni cha miaka mingapi.

"Kamwambie mwenyewe," daktari alisema. "Nampa muda apate nguvu. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na nitamwomba radhi hukohuko."

Lakini nguvu zilikawia. Wiki ya tatu kitandani, mguu wa kushoto ukavimba, ukawa wa moto. Wakapima: damu imeganda. Wakamchoma sindano tumboni, wakamwokoa tena. Daktari wa kinamama alipokuja wodini hakumtazama fundi.

"Mama, zile homoni sasa basi," alisema. "Mtu aliyegandisha damu hatumrudishii tena."

"Hata nikizinywa vizuri?" mkewe aliuliza. "Kama ni kusahau, binti yangu atanisimamia."

"Hukusahau, mama," daktari alisema. Akamgeukia fundi, akangoja. Fundi akakitazama kidirisha cha wodi. Daktari akatoka.

Kila neno la karatasi ile lilikuwa linakuja, moja baada ya jingine, na ni yeye aliyelifungulia mlango.

*

Alimwambia nyumbani, siku ya pili baada ya kutoka hospitali, binti yao akiwa amekwenda sokoni. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kopo la mafuta limebanwa kati ya magoti, akijaribu kulifungua kwa mkono mmoja. Fundi alinyoosha mkono amsaidie.

"Acha. Nitajifunza." Likamponyoka, likabingirika chini ya kabati. Akalitazama lilikoingia. "Unajua kinachoniuma si mkono, baba watoto. Kinachoniuma ni kwamba sikumbuki. Nakaa nafikiri, siku gani nilisahau? Natafuta hata siku moja nisiione. Nimeanza kujiogopa."

Hapo ndipo alipoyasema. Hakupamba. Karatasi, lenzi, vidonge vya wajawazito, gundi. Mama yake. Alipomaliza, saa ya ukutani ilisikika ikitembea, ile aliyoifunga mwenyewe siku waliyohamia.

Mkewe hakulia wala hakupaza sauti.

"Hospitali walinirudishia ile pakiti," alisema. "Imo kwenye mkoba wangu. Lete. Lete na vyombo vyako."

Akavileta.

"Fanya moja nione."

"Mama watoto, jamani."

"Fanya nione."

Alichana karatasi kwa wembe, akainua, akatoa, akarudisha, akalaza, akatia gundi. Ilichukua dakika mbili, dakika mbili za kweli. Mkewe akaomba lenzi, akaibana jichoni kwa mkono wa kushoto, ikamwanguka, akaibana tena. Akaigeuza pakiti huku na huku kwenye mwanga wa mlango.

"Hata alama," alisema. "Miaka yote nikiwaambia watu, mume wangu ana mikono, hamjaona mikono." Akairudisha lenzi. "Ungeniambia nichague. Kufa kwa titi au kuishi bila mkono. Ningechagua mwenyewe."

"Niliogopa utakufa."

"Najua. Ndiyo maana sina hata pa kukuchukia."

Binti yao alirudi, akapika, akawapakulia. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliwatazama, akadhani ni uchovu.

Saa ya ukutani ikagonga saa moja. Fundi aliinuka kabla hajajua anainuka. Miguu ilikuwa imezoea. Akachota maji kwenye mtungi, akaja na glasi, akasimama mbele ya kiti cha mkewe akiwa ameishika, na hapo akakumbuka kwamba hakuna tena cha kumeza.

Mkewe aliitazama ile glasi. Kisha akamtazama yeye, uso mtulivu, bila hasira.

"Onja kwanza," alisema.

Akaonja. Mkewe akasubiri, macho kwenye saa, hadi mshale mwembamba ukazunguka mara moja na kurudi juu. Ndipo aliponyoosha mkono wa kushoto, akapokea, akanywa.